Baiskeli ya umeme ya kubebea vitu vya soko, ya kwanza kabisa: mtu aanzie wapi hapa Nairobi?

Mkazi_wa_Corner
Salamu wadau. Naomba msaada wa wale wanaoendesha, si wale wa "nunua tu nduthi" (pikipiki).

Nakaa Dagoretti Corner, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Jumamosi alfajiri huwa nashuka Marikiti kuchukua vitu vya wiki: viazi, vitunguu, kabeji, matunda ya watoto, na karibu nusu ni vya mamangu aliye Kawangware. Mwisho wa mwezi kunaongezeka mtungi wa gesi wa kilo 13 na bale ya unga. Makanga akiona gunia anagonga bodi gari liondoke. Wa boda naye anapanga bei akiangalia mzigo, kisha uso wangu.

Kwa hivyo nataka baiskeli ya umeme ya mizigo. Nimetazama video za Waholanzi hadi nikaota. Zile zenye sanduku mbele zimenikaa rohoni. Je, sanduku la mbele, mkia mrefu (ile iliyorefushwa nyuma ibebe mzigo), au magurudumu matatu? Mota ya wapi, betri kiasi gani? Niagize nje au niunde hapa? Bajeti sitaitaja, maana mkiiona mtaanza kunitafutia Probox.

Nduthi_Tupu
Nunua tu nduthi 😂

Dada_wa_Kabiria
Kabla ya mota na betri, nijibu moja: itakuwa inalala wapi?

Nauliza kwa sababu nina yangu ya mkia mrefu, na hilo ndilo lililoamua kila kitu. Ile ya sanduku la mbele unayoiota, mfano Urban Arrow ya Amsterdam, ina urefu unaozidi mita mbili na nusu. Haipandi ngazi, haigeuki kwenye korido, na vile vigingi vilivyopigwa kwenye njia ya baiskeli Ngong Road utavipita ukiwa umeshikilia pumzi. Uholanzi inalala barabarani nje ya nyumba. Wewe ukiilaza nje hapo Corner, asubuhi utakuta mnyororo peke yake.

Pima nafasi uliyo nayo, kwa futi kamba, leo. Halafu rudi hapa.

Mkazi_wa_Corner
Dada nimeshuka na futi kamba, keyateka akanifuata akidhani napima ploti ya kuuza. Kuna nafasi chini ya ngazi, mita mbili kasoro kidogo kwa sentimita themanini. Geti dogo la waenda kwa miguu ni sentimita sabini na tano. Soketi hakuna.

Dada_wa_Kabiria
Basi sanduku la mbele umeshaliaga, na magurudumu matatu pia, kwa sababu nyingi ya hizo zina upana wa sentimita themanini na zaidi. Imebaki mkia mrefu, na tena ule mfupi wa gurudumu dogo. Tern GSD ndiyo watu hupenda kuitaja: urefu wake ni kama mita 1.8, sawa na baiskeli ya kawaida, na unaweza kuisimamisha wima kwa mkia wake. Imeundwa kubeba jumla ya kilo 200, mwendeshaji akiwemo. Lakini Marekani kwenyewe bei yake ni zaidi ya dola 5,000, kabla ya meli na ushuru. Itazame ujifunze umbo, halafu utafute umbo hilo kwa pesa ya binadamu.

Na kwa sababu soketi chini hakuna, betri lazima iwe ya kutoka. Utapanda nayo ngazi kila mara. Kilo nne hivi, si mzigo.

Fundi_46
Nina kibanda cha baiskeli Kawangware, nitasema ninachokiona.

Hizi za umeme zikiletwa kwangu, mota ni mara chache kuwa ndiyo mgonjwa. Kinacholetwa ni gurudumu la nyuma. Spoki zimekatika upande wa gia, ringi inayumba, mwenyewe amepakia kilo themanini juu ya spoki nyembamba za baiskeli ya mazoezi. Na mota ikiwa ndani ya gurudumu hilohilo, spoki zinavutwa na mzigo, zinavutwa na mota, zinapigwa na mashimo.

Kwa hiyo ukifika mahali pa kununua, achana kwanza na kioo cha namba pale kwenye usukani. Inua nyuma, zungusha gurudumu, angalia kama ringi inacheza karibu na breki. Kisha zibane spoki mbilimbili kwa vidole, zunguka nazo gurudumu zima. Zote zikaze sawasawa. Ukikuta moja inalegea kama kamba ya kuanikia nguo na jirani yake imekaza hadi inalia, gurudumu hilo limefungwa na mashine na hakuna fundi aliyelimalizia. Omba lifungwe upya kabla hujalipa.

Spoki za nyuma ziwe namba 13, ambazo ni nene kuliko 14. Gurudumu la inchi 20 ni zuri kwa mzigo: spoki fupi, ringi ngumu, na gunia linakaa chini. Tubu ya inchi 20 utaipata kila mtaa kwa sababu ya baiskeli za watoto. Tairi ndiyo usichukue ya watoto. Tafuta yenye upana wa inchi mbili na kuendelea, na usome ubavuni imeandikwa inabeba kilo ngapi.

Breki: diski, mbele na nyuma, milimita 180 kwenda juu. Mimi nashauri za waya. Waya ukikatika saa kumi na mbili jioni pale Kangemi utapata mwingine. Za mafuta zinashika vizuri, sikatai, lakini pedi zake utaagiza na kungoja.

Dada_wa_Kabiria
Fundi hapo kwa breki tunatofautiana. Mimi nina za mafuta, na nikishuka na mtoto nyuma pamoja na mzigo, kidole kimoja kinatosha. Za waya mkono unachoka, na waya unanyooka polepole hadi siku unaivuta na inagusa usukani. Pedi nanunua jozi kadhaa kwa pamoja, naziweka droo. Zinakaa.

Fundi_46
Wewe una droo na una nidhamu. Wateja wangu wanakuja pedi ikiwa imebaki chuma.

Mkazi_wa_Corner
Sawa, hilo la breki nitawaacha mmalizane. Swali la pili: kuna mzee hapa mtaani ana Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya zamani, nzima kabisa, anauza bei ya kutupa. Nikifunga vifaa vya mota na betri juu ya hiyo? Chuma chake hakivunjiki.

Fundi_46
Hakivunjiki kweli, ila pia hakisimami. Breki zake ni zile za fito, za kubana ringi ya chuma. Mvua ikinyesha, ringi ikalowa, unavuta na baiskeli inaendelea na safari zake. Kwa mwendo wa kilomita kumi kwa saa watu wamezoea, wanasaidia kwa kiatu. Ukiipa mota ya kwenda kilomita ishirini na tano kwa saa na gunia nyuma, kiatu hakitoshi.

Baiskeli ya Buffalo ni afadhali, keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Lakini breki ya nyuma ni ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na mota nyingi za kufungwa kwenye pedali haziruhusu kukanyaga kinyume. Ukifunga mota umeondoa breki. Ingebidi mota iende gurudumu la mbele, na mbele hakuna uzito, hivyo kwenye mlima wenye changarawe linateleza tu likizunguka.

Hesabu_Kwanza
Ngoja niingie na namba, kwa sababu watu wanauziwa betri kwa macho.

Stesheni ya reli mjini iko mita 1,661 juu ya usawa wa bahari. Dagoretti Corner inakaribia 1,800. Yaani bwana Mkazi anashuka akiwa mtupu na anarudi akipanda mita 130 hivi na mzigo wote. Angekuwa anakaa Donholm ningemwambia achukue mota yoyote, Jogoo Road ni tambarare.

Chukua mtu kilo 75, baiskeli 35, mzigo 80. Jumla 190. Kuuinua uzito huo mita 130 kunataka kama wati-saa 67. Mota ikipoteza robo kwa joto, weka 90. Ongeza msuguano wa barabara na simama-ondoka za taa, kwa kwenda na kurudi kilomita kumi na sita au kumi na saba utatumia wati-saa 250 hadi 300 ukikanyaga nawe kidogo. Betri ya volti 48, ampea-saa 13, ina wati-saa 624. Inakutosha na inabaki karibu nusu, na nusu hiyo ndiyo utakayoila betri ikizeeka. Anayekuuzia mbili atafute mteja wa kwenda Naivasha.

Stima: unit ikiwa shilingi 30 hivi, safari nzima ni kama shilingi kumi. Boda mnalipa ngapi?

Mota sasa. Kupanda mwinuko wa asilimia tano na kilo 190, kwa kilomita 12 kwa saa, kunataka wati 370 hivi. Miguu yako ikitoa 100, mota inatoa iliyobaki, kwa hiyo hata iliyoandikwa wati 250 inaweza, kwa kuwa hiyo 250 ni nguvu ya kudumu na kwa muda mfupi huenda mara mbili. Tatizo ni ikikaa kwenye gurudumu, ina gia moja tu. Ukipunguza mwendo hadi kama wa mtu anayetembea, inageuza umeme kuwa joto badala ya mwendo. Ya katikati, kwenye pedali, inapitia gia zako. Ukiweka gia nyepesi inapanda bila kuungua. Kwa mlima wa Upper Hill na gunia, mimi ningechukua ya katikati. Usomaji muhimu ni ule wa nguvu ya kuzungusha: 80 Nm kwenda juu.

Fundi_46
Hesabu zako ni safi, ila andika na hii: mota ya katikati inakula cheni. Nguvu yote inapita hapo. Ukibadilisha gia huku umeikaza mlimani utasikia "kra!" na umenunua cheni. Punguza nguvu sekunde moja, badilisha gia, kisha endelea. Na ununue cheni nene ya gia nane au tisa, hizo za kumi na mbili ni za mashindano.

Nduthi_Tupu
Sasa niongee kwa umakini. Hapa Nairobi Roam wanaunda pikipiki za umeme, Ampersand na Spiro wana vituo vya kubadilisha betri. Kwa nini mtu ajitese na pedali akibeba kilo 80 wakati pikipiki inabeba hizo bila kuhema?

Hesabu_Kwanza
Kwa wa biashara, sikupingi. Mwenye kazi ya kubeba kutwa nzima achukue pikipiki. Lakini hiyo ni namba ya NTSA, leseni, bima, na uzito ambao huwezi kuupitisha geti la sentimita sabini na tano kisha uulaze chini ya ngazi. Huyu anaenda soko mara moja kwa wiki.

Dada_wa_Kabiria
Na pikipiki haipiti njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mnapita, najua. Lakini haipiti.

Shangazi_Muthurwa
Wanangu, mimi nauza Muthurwa na sijui wati wala nini, ila mzigo naujua.

Kwanza usiende na wazo la gunia zima. Gunia la viazi lisizidi kilo 50, hayo yako kwenye kanuni tangu 2019, lakini lumbesa mtaziona tu. Kilo 50 upande mmoja wa baiskeli ni kuanguka. Mwambie muuzaji akugawie kwenye magunia mawili madogo, kulia na kushoto, yaning'inie chini karibu na ekseli. Vitunguu na kabeji juu ya keria katikati. Nyanya na ndizi zisikae nyuma kabisa, huko ndiko kunaruka ukipiga shimo. Ziweke kikapu cha mbele juu ya nguo. Maembe hivyohivyo.

Pili, stendi. Nimewaona vijana na baiskeli nzuri za bei, stendi yake ni kijiti kimoja cha pembeni. Pale sokoni chini ni tope na maganda. Akiweka gunia la kwanza, kijiti kinazama, baiskeli inalala juu ya mboga za mtu, na hizo atazilipa. Nunua yenye stendi ya miguu miwili, pana, yenye nyayo. Iwe inainua gurudumu la nyuma na kusimama yenyewe mtu akiwa bado anafunga kamba.

Tatu, pakia usukani ukiwa umefungwa na mpira usigeuke. Gurudumu la mbele likigeuka lenyewe mzigo ukiwa juu, hata mwanamume wa miraba minne haliwezi.

Ya kuchunga baiskeli, kuna vijana pale wa kulinda mikokoteni. Mpe wako huyohuyo kila wiki, akujue. Betri ondoka nayo.

Mkazi_wa_Corner
Shangazi, shikamoo. Hii ya stendi hakuna video iliyonionyesha.

Kijana_wa_Kinoo
Kuhusu magurudumu matatu, ijapokuwa geti limeshaamua: nimeendesha ya kazi. Watu hudhani haianguki. Ikisimama, haianguki. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka, na barabara ikiinamia mtaro, kama zilivyo nyingi zetu, inakuvuta mtaroni muda wote. Kwa mwendo wa polepole na tambarare ni raha. Kinoo siipendekezi.

Mkazi_wa_Corner
Binamu yuko Ujerumani anakuja Desemba. Nikimwambia anibebee betri kwenye begi, nipunguze gharama?

Mtu_wa_Forodha
Atanyang'anywa uwanjani, na huenda akakosa ndege. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria, na unayoitaka ni 600 na zaidi. Betri pekee za aina hiyo zilipigwa marufuku hata kama mzigo wa kawaida ndani ya ndege za abiria tangu Aprili 2016. Njia ni meli, au ndege za mizigo tu, na muuzaji lazima awe na cheti cha jaribio la usalama wa betri, UN 38.3. Asiyekuwa nacho hana betri ya kukuuzia wewe.

Ushuru: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka baiskeli za umeme kwenye VAT ya asilimia sifuri. Lakini sheria za fedha hubadilishwa mara kwa mara na viwango huhama. Pata hesabu ya wakala wa forodha kwa maandishi kabla ya kutuma pesa, na umuulize baiskeli nzima peke yake na vipuri peke yake, maana mota na betri vikija mbalimbali havihesabiwi kama baiskeli.

Hesabu_Kwanza
Nashukuru umegusa betri. Mkazi, hapa usitafute rahisi. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta, na mwaka huohuo mji ukapitisha sheria kwamba hakuna baiskeli ya umeme kuuzwa bila kufikia kiwango cha usalama cha UL 2849. Ulaya wana EN 15194. Tafuta mojawapo kwenye karatasi, si kwenye stika.

Wewe utachajia ghorofa ya tatu. Usichajie karibu na mlango wa kutokea, wala usilale ikichaji. Tumia chaja iliyokuja nayo. Ya volti 48 hufika 54.6 ikijaa, na chaja ya "karibu sawa" ndiyo huanzisha mambo. Ya ampea mbili itachukua saa sita na nusu hivi kutoka tupu, lakini wewe utakuwa umetumia nusu tu, kwa hiyo ukifika saa tatu asubuhi, kufikia adhuhuri imejaa. Na weka friji gadi kwenye soketi. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, hicho kidude kinakungojea hadi itulie.

Betri iliyoanguka ngazini na kubonyea, hata kama inafanya kazi, imekwisha.

Fundi_46
Na maji. Mvua ya Aprili haiiui, imefungwa kwa ajili ya mvua. Inayoiua ni mashine ya presha ya vijana wa kuosha magari. Inasukuma maji ndani ya mota na ndani ya beringi. Ndoo na kitambaa.

Nduthi_Tupu
Je, kuchomelea mkia? Kuna jamaa wa jua kali wanachukua baiskeli ya mlima wanairefusha nyuma kwa paipu. Bei ni mteremko.

Fundi_46
Paipu gani, na amechomelea nani? Chuma inawezekana, nimeona nzuri. Alumini sigusi, ikichomelewa inalegea pale pembeni mwa weldi na haikuambii. Hata viwanda vikubwa hukosea.

Mtu_wa_Forodha
Kweli. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa Uholanzi iliiamuru Babboe isimamishe mauzo ya baiskeli zake za mizigo kwa sababu fremu zilikuwa zinavunjika. Hapo ni Uholanzi, na kampuni kubwa.

Dada_wa_Kabiria
Ukikubali ya jua kali, basi kila mwezi osha fremu na upitishe kidole kwenye weldi zote, hasa pale mkia unapoungana na nguzo ya kiti. Rangi ikipasuka mstari mwembamba, usipakie tena.

Mkazi_wa_Corner
Nimefikia hapa, nisahihisheni. Fremu ya chuma ya mkia mrefu, ya kiwandani, iliyotumika, niliyoipata kwa mtu anayehama nchi. Gurudumu inchi 20 nyuma, 24 mbele, diski za waya 180, stendi ya miguu miwili ipo. Urefu mita 1.9, inaingia chini ya ngazi, nimeshapima. Haina mota. Nitafunga ya katikati ya volti 48, Bafang ya wati 750, na betri ya 13 yenye karatasi zake, kutoka kwa muuzaji mwenye duka ninaloweza kurudi. Spoki za nyuma nadhani ni 14.

Hesabu_Kwanza
Wati 750 ni nyingi kuliko unachohitaji, lakini unaweza kuipunguza kwenye mipangilio. Iweke ampea chache, cheni ya Fundi idumu.

Fundi_46
Usinunue mota kabla ya kupima lile ganda la fremu linaloshika ekseli ya pedali. Likiwa milimita 68 au 73, ile ya kawaida inaingia. Likizidi hapo ni mota nyingine, na wauzaji wengi hawarudishi pesa. Kagua pia kama paipu za mkia zinapita karibu na ganda hilo. Kwenye mkia mrefu mara nyingine mota inakosa pa kukaa.

Ilete kwangu ikiwa tupu, bila mota, Jumatatu saa mbili asubuhi kabla ya wateja wa pancha. Nitakupimia, na gurudumu la nyuma tulifunge upya kwa spoki 13. Njoo na pesa ya spoki, kazi tutaelewana.

Shangazi_Muthurwa
Na ule mtungi wa gesi usiulaze. Usimame wima, ufungwe mahali pawili, kifuniko cha vali kikiwa kimekaza. Uende nao peke yake siku hiyo, viazi vitangoja.

Nduthi_Tupu
Shangazi, betri za nduthi mnachunga pia hapo Muthurwa? Nauliza tu.